Elkanah Aliyetaka Kukonda Bila Kutembea

Mimi nimeona wanaume wavivu. Nimeona mmoja aliyemwita mtoto kutoka shambani aje amsogezee kikombe cha chai kilichokuwa mbele yake. Nimeona mwingine aliyehama kanisa kwa sababu lile lake lilikuwa mlimani. Lakini mvivu wa kununua kukosa njaa kwa pesa, huyo nilimpata nyumbani kwetu. Ni damu yangu, kwa hivyo nina haki ya kumsema, na nitamsema.

Jina lake ni Elkanah, mtoto wa marehemu ndugu yangu Hezekiah. Ni karani katika ofisi moja Kakamega mjini, kazi ya kukaa mpaka kiti kikujue. Bado anaishi kwa boma la baba yake, mlima mmoja kupita Shinyalu. Asubuhi bodaboda inamchukua mlangoni, jioni inamrudisha mlangoni. Mchana anakula chapati na nyama ya kukaanga kwa hoteli iliyo nyuma ya ofisi, anateremsha na soda. Jioni anawekewa obusuma, ugali wetu, na anaumaliza, halafu anauliza kama sufuria imeoshwa. Kamba za viatu alikuwa anafungiwa na mkewe. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Elkanah alienda akanunua kitanda kisicho na mvungu.

Ningemwacha na kitambi chake, mimi si askari wa matumbo ya watu. Shida ilikuwa fahali.

Kama wewe si mtu wa huku kwetu, acha nikueleze jambo hili mara moja tu. Sisi tunapiganisha mafahali. Siku ikifika, fahali anatolewa kwa boma alfajiri, ngoma za isukuti zinalia, filimbi, pembe, watu wanakimbia mbele na nyuma, mpaka kiwanjani Shinyalu. Na katika ukoo wetu kuna desturi ambayo ndugu yangu alikufa akiishika: mwenye fahali ndiye anamtoa, mwenyewe, kamba mkononi, kwa miguu, tangu langoni mpaka kiwanjani. Akishindwa, kamba inaenda kwa mwanamume anayefuata katika ukoo. Na kamba ikienda, fahali ameenda.

Hezekiah alimwachia Elkanah fahali anayeitwa Stima. Mweusi, nundu kama kilima, shingo unaweza kuikalia. Na mwanamume anayefuata katika ukoo, kwa kizazi chao, ni Chrispinus, mtoto wa kaka yetu mkubwa, mfanyabiashara wa ng'ombe katika soko la Lubao. Chrispinus hamtazami ng'ombe machoni, anamtazama paja. Kila mtu alijua Stima akiguswa na mkono ule, wiki hiyo hiyo atakuwa amening'inia kwa ndoano ya mchinjaji.

Mwezi wa nne Elkanah alimtoa Stima kwa mara ya kwanza. Alifika mtoni, akauangalia mlima, akapanda pikipiki. Ndiyo, nasema pikipiki! Fahali anapanda kwa miguu na mwenyewe anafuata nyuma amekumbatia kiuno cha dereva, kamba imeshikwa na mimi. Wanawake waliokuwa wanachuma chai walicheka mpaka vikapu vikaanguka. Wazee wakakaa, na mkubwa wao, Mzee Oliver, akamwambia mbele ya watu wote: "Kijana, tumekuachia kwa sababu ya baba yako. Baada ya Krismasi utamtoa tena. Ukishindwa, Chrispinus yuko hapa."

Chrispinus akatabasamu kama mtu aliyesikia mafuta yakichemka.

Basi Elkanah akaenda kwa daktari, na mimi nikamsindikiza kwa sababu nilitaka kuona. Daktari Chepkorir, mwanamke mmoja asiyecheka ovyo, alimpima kila kitu kinachopimika. Presha ilikuwa juu. Sukari ilikuwa inabisha hodi. Magoti yalikuwa yanalia.

"Bwana Elkanah," akasema, "punguza sahani. Acha soda. Kula mboga, maharagwe, samaki. Tembea kila siku mpaka utoke jasho, halafu urudi nikuone."

"Daktari, mimi sina nafasi ya kutembea. Nasikia kuna sindano."

"Ipo. Kuna watu ninaowaandikia, na inawasaidia sana. Lakini hao wanakula vizuri na wanatembea, na ninawapima kila mara. Wewe bado hujajaribu lolote. Nimeambiwa umesubiri hapo chini nishuke mimi, kwa sababu ofisi yangu iko juu."

Kweli alikuwa amesubiri chini. Niliona haya kwa niaba yake.

Katika maneno yote hayo Elkanah alibeba neno moja tu akaenda nalo: ipo. Mimi simpingi daktari. Akisema dawa inasaidia wenye kuihitaji, wakiitumia chini ya macho yake, nani mimi niliyetoka shule kupitia dirishani? Ninayemdharau ni yule aliyesikia "dawa" akafunga masikio kabla ya "tembea".

Karibu na steji kuna duka la kijana anayeitwa Sydney. Anauza vifuniko vya simu, manukato, nywele za kubandika, na kwenye friji, katikati ya soda na maziwa lala, anauza peni za sindano ya kukondesha. Sydney hajasomea udaktari. Amesomea mdomo, na huo alifaulu vizuri.

"Mheshimiwa," akamwambia Elkanah, "hii ndiyo ya wakubwa. Unajidunga tumboni mara moja kwa wiki, unakaa tu, mafuta yanajiondokea."

"Yanapitia wapi?" nikamuuliza.

"Anko, hiyo ni sayansi."

"Nauliza njia, sikuulizi sayansi. Kitu kikitoka mahali kina njia."

"Baba mdogo, tafadhali," Elkanah akasema, mkono ukiwa tayari mfukoni.

Bei sitaitaja, nisije nikakuharibia siku. Alitoka pale ameshika kile kimfuko kwa vidole viwili, amejaa heshima, kama mtu aliyebeba sakramenti.

Mimi nilirudi kwa kazi yangu, na kazi yangu ilikuwa Stima. Huwezi kumtoa fahali kwa boma siku ya pigano kama amekuwa akilala. Kila asubuhi nilimtembeza: kuteremka mtoni, kupanda mlima, kuzunguka pembeni mwa msitu, kurudi. Mwanzoni na yeye alikuwa anahema kama mashine ya kusaga. Hakuna aliyemwambia Stima akonde, tena kilo zake tulizitaka. Tulichotafuta ni pumzi. Na katika eneo hili lote hakuna fundi wa mafahali anayejua mlango wa pumzi usiopitia miguuni, na mimi ndiye fundi wao, waulize.

Nilipita kwa dirisha la Elkanah nikapiga na fimbo. "Kijana, amka twende! Fahali azoee mkono wako."

Sauti ikatoka chini ya blanketi. "Nenda tu, baba mdogo. Mimi nimeshadunga."

Ameshadunga! Anavyosema utadhani ameshalima, ameshapanda, ameshavuna.

Aliyeamka ni mkewe, Nekesa. Huyu alitoka Chekalini kuja kuolewa kwetu, mwanamke wa mwili, na mwili wake haukuwa mdogo kuliko wa bwana yake. Usifikiri aliamka kwa ajili ya afya. Aliamka kwa sababu ya busaa, pombe yetu ya kienyeji. Fahali wa kupigana anapewa busaa kidogo baada ya matembezi, imkaze moyo, na Nekesa ndiye anayeipika. Aliona jerikeni inarudi tupu haraka kuliko tumbo la ng'ombe.

"Baba," akaniambia, macho chini kwa adabu, "kuanzia leo nitaibeba mwenyewe."

"Unanishuku, mama?"

"Siwezi kukushuku, baba. Nasema tu nitaibeba."

Sasa, kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawashikani mikono wala hawatembei bega kwa bega, na mimi kwake ni baba mkwe. Njia ya mtoni ni nyembamba. Tukafanya hivi: mimi upande huu, Nekesa upande ule, Stima katikati kama ukuta wa heshima. Siku ya kwanza alikaa kwenye jiwe nusu ya mlima akasema tumwache afe hapo. Nikamwambia busaa ikifia hapo pia, tutakuwa na matanga mawili. Akainuka. Kesho yake alilikaribia lile jiwe, akaliangalia, akalipita. Mahindi yalipokomaa alikuwa anapanda mlima huku ananisimulia habari za dada zake wote wa Chekalini, mmoja baada ya mwingine, bila kuvuta pumzi katikati. Mimi ndiye nilikuwa naomba tupumzike, kwa ajili ya fahali.

Akiwa jikoni alibadilika hivyo hivyo, bila kutangaza. Mafuta ya kupikia yakapungua, mboga za murenda na saga zikaongezeka, soda ikahama nyumba. Gauni zake zikaanza kuuliza mwenyewe ameenda wapi. Na Stima akamzoea. Alimjua kwa sauti na kwa jerikeni. Akisikia "Haya, Stima," anageuza masikio kama mtoto wa shule anayesikia kengele.

Na Elkanah? Elkanah alikonda! Sitamnyima haki yake. Kidevu cha pili kiliaga, shingo ikatokea, mshipi ukatobolewa tundu baada ya tundu. Ofisini wakampigia makofi. Kanisani alianza kuchelewa makusudi ili atembee katikati ya viti watu wakimwona. Alinunua suti mpya kabla hajalipia ya kwanza kupunguzwa.

"Baba mdogo, unaona?" akajigeuza mbele yangu kama kuku juu ya moto. "Nyinyi endeleeni kufukuzana na ng'ombe."

"Naona nguo," nikasema. "Mtu sijamwona bado."

Kwa sababu mimi nilikuwa nimemwona akifungua lango. Lile lango la mbao ambalo Awinja, binti yake wa shule ya msingi, analisukuma kwa goti, yeye alilisukuma mara mbili akasimama kupumua. Alikuwa amenyauka kama embe lililosahaulika darini. Alikuwa anaonja vijiko viwili vya uji anasukuma bakuli, na siku nyingine hata hivyo viwili vinarudi.

"Baba Awinja, kula angalau yai," Nekesa alikuwa anambembeleza.

"Sina njaa. Hiyo ndiyo kazi ya dawa."

"Basi turudi kwa Daktari Chepkorir akuangalie."

"Akaniangalie nini, na mizani inashuka?"

Krismasi ilipokaribia aliona mizani imepunguza mwendo. Mtu mwingine angetembea. Yeye alimpigia simu Sydney, na Sydney, profesa wa nywele za kubandika, akamwambia aongeze dawa. Akaongeza.

Siku ikafika. Alfajiri kulikuwa na ukungu unatoka msituni, isukuti zinanguruma, filimbi zinakata hewa, boma limejaa watu. Elkanah alitoka nyumbani amevaa kofia ya marehemu baba yake. Ilimshuka mpaka masikioni. Akachukua kamba. Watu walipiga kelele ya furaha, na nakiri wembamba ule kwa mbali ulipendeza. Chrispinus alikuwa amekuja na kamba yake mwenyewe begani, mpya, ya nailoni. Sikupenda kuiona.

Kuteremka mtoni hakuna shida. Hata jiwe linateremka. Elkanah aliteremka akicheka, anapunga fimbo, anawasalimia wachumaji chai wale wale. Tukavuka maji. Mlima ukaanza.

Hatua za kwanza alienda vizuri. Halafu nikaona goti linacheza. Jasho likamtoka, na si lile la moto, ni lile jembamba la baridi. Midomo ikawa rangi ya majivu. Akasimama. Stima hakusimama, kwa sababu Stima amefundishwa na mimi, na kwenye mlima huu yeye hakai katikati. Kamba ikamvuta Elkanah, akaenda magoti, akaenda kifua, akalala kifudifudi njiani, kofia ya baba yake ikabiringika mpaka mtoni.

Ngoma zikanyamaza. Stima akahisi kamba imelegea. Akageuka.

Fahali aliyechochewa na ngoma tangu alfajiri si mnyama wa kumwomba samahani. Aliinamisha kichwa, akakwaruza udongo, na miguu yake ya mbele ilikuwa karibu na mgongo wa Elkanah kama mimi nilivyo karibu na fimbo hii. Watu wakaruka ndani ya majani chai kushoto na kulia. Mimi sikukimbia, nilirudi nyuma ili nione vizuri. Chrispinus, haki yake, alirukia kamba. Stima hamjui. Alimtikisia pembe mara moja tu, na Chrispinus akaonekana hewani na baadaye katikati ya chai, kamba yake ya nailoni imemfunga mwenyewe.

"Haya, Stima."

Nekesa alikuwa anapanda kutoka nyuma, jerikeni mkononi, hakimbii wala hachelewi, kama asubuhi nyingine zote. "Haya, Stima. Haya, twende." Masikio yakageuka. Akafika, akaokota kamba chini, akaizungusha mkononi, akasimama kati ya fahali na bwana yake.

"Baba," akaniambia, "mtoe huyo njiani."

Nikamtoa. Alikuwa mwepesi, nilimwinua kama gunia la pumba. Nekesa akamtazama usoni, akaona anapumua na macho yamefunguka, akaniachia chupa ya uji. Njia pale ni nyembamba, fahali mwenye hasira hageuzwi kurudishwa chini katikati ya watu. Ni juu tu. Akaenda juu. Na alipofika pale kwenye mteremko mkali alikuwa bado na pumzi ya kugeuka kuwafokea wapiga ngoma waliokuwa wamejificha kwenye chai:

"Mbona mmenyamaza? Kuna matanga hapa? Pigeni!"

Wakapiga. Hivyo ndivyo Stima alivyoingia kiwanjani Shinyalu akiongozwa na mwanamke mwenye jerikeni, jambo ambalo mimi sikuwahi kuliona, na nimeona mengi.

Nilipofika, baada ya kumpakia Elkanah kwa pikipiki aende hospitali, Chrispinus alikuwa ameshawahi mbele ya wazee, majani ya chai kwenye nywele.

"Mwenye fahali ameanguka," alikuwa anasema. "Kamba ni yangu. Desturi ni desturi."

Mzee Oliver alikuwa anachokonoa meno. "Kamba ilianguka?"

"Ilianguka, mzee."

"Wewe ukaiokota?"

"Nilijaribu."

"Sikuulizi majaribio. Nani aliokota?"

"Mwanamke!"

"Mwanamke wa boma gani?"

"La Hezekiah."

"Basi kamba imetoka boma la Hezekiah, imefika hapa kwa miguu, mkononi mwa mtu wa Hezekiah. Sasa wewe unadai nini?"

"Mzee, desturi inasema mwanamume!"

"Mwezi wa nne mwanamume alikuja na pikipiki. Leo amekuja na hospitali. Mwingine amekuja na majani kichwani." Akatema kijiti. "Fahali ni wa boma lile, na kamba ni ya huyu mama. Na kama kuna mwanamume hapa ana neno, aende akaichukue mkononi mwake sasa hivi, Stima akiwa hapo."

Wazee wawili walinung'unika, mmoja akaondoka kabisa amekasirika. Lakini hakuna aliyeenda. Kuhusu pigano lenyewe sitakuchosha. Stima alipigwa. Fahali wa upande wa pili alikuwa mkubwa, na jua lilikuwa linampiga Stima machoni, nami nilishasema hivyo pale pale. Jambo kubwa ni kwamba alirudi nyumbani kwa miguu yake, na Chrispinus akarudi Lubao na kamba tupu.

Elkanah alilazwa. Daktari Chepkorir alikuja akasimama kando ya kitanda, na mara ile hakushusha sauti.

"Mwili umekauka maji. Mafuta yametoka, na nyama ya miguu imetoka pamoja nayo, kwa sababu huli na hutembei. Na hii peni ya dukani, wala mimi wala wewe hatujui kuna nini ndani yake. Ni nani aliyekuambia uongeze?"

Unajua alichojibu? Alisema, "Daktari, kwani sasa nina kilo ngapi?"

Mimi nilitoka nje. Kuna ujinga ambao mtu mzima hapaswi kuusikia akiwa amesimama.

Sydney alifunga friji. Siku hizi anauza mafuta ya kuotesha nywele, na kichwa chake mwenyewe kinang'aa kama sahani.

Elkanah alirudi nyumbani anakula tena, kidogo kidogo, mboga na samaki, amekatazwa soda na hana wa kumlalamikia. Asubuhi moja alitujia langoni, mkono ameunyoosha.

"Mama Awinja, nipe kamba. Mimi ndiye mwenye fahali."

Nekesa alikuwa anafunga fundo. Hakuinua kichwa. "Kamba nilipewa na wazee. Wewe fika juu na urudi bila kukaa, halafu tutaenda wote kwa Mzee Oliver, na mimi mwenyewe nitamwambia akurudishie."

"Mbele ya baba mdogo unanisemesha hivi?"

"Baba mdogo yuko upande ule wa ng'ombe," akasema. "Hasikii."

Nilisikia vizuri sana. Niliangalia msitu.

Tangu hapo anatufuata nyuma, mahali mavi ya ng'ombe yanapoangukia. Wiki za kwanza alikuwa anaishia kwa nyumba ya jirani, anajifanya ana maneno naye. Juzi alifika mtoni. Alikunja suruali, akaosha uso, akainua macho akauangalia mlima kwa muda mrefu, utafikiri anangoja uteremke umpate. Nekesa na Stima walikuwa wameshakaribia kileleni, na hawakugeuka.

"Baba mdogo," akaniita, "hakuna njia nyingine?"

"Ipo," nikamwambia, neno lile lile alilolibeba kwa daktari, nikaokota fimbo yangu, nikawafuata wenzangu.